Uwongo Tulioualika

Kwa miaka mingi Kariakoo imekuwa soko la hadithi kama ilivyo soko la khanga, nazi na vipuri. Katika maduka yake, na juu ya meza za pembezoni mwa mitaa yake, ziliuzwa sinema za Kihindi, za Kichina, za Kinaijeria na za Kimarekani. Mwanzo katika kanda, kisha katika diski, na baadaye mnunuzi akawa anakuja na flashi tupu akaondoka nayo imejaa. Nyingi katika hadithi hizo zilinakiliwa bila idhini ya wenyewe, jambo nitakalolirudia mbele. Kwa mlango huo, na kwa mlango wa ving'amuzi kwa wale walioweza kuvilipia, iliingia Dar es Salaam tamthilia ya kituo cha HBO cha Marekani iitwayo Game of Thrones, hadithi ya wafalme, ya majoka yatemayo moto na ya wafu watembeao. Ilianza Aprili 2011 ikaisha Mei 2019, nayo ilikuwa na sehemu 73 katika misimu minane.

Mwisho wake uliwachukiza watazamaji kiasi kwamba zaidi ya watu milioni moja duniani walitia saini ombi la kutaka msimu wa nane utungwe upya. Ombi hilo halikusikilizwa, wala sioni kwamba lilistahili kusikilizwa. Hadithi si kanzu ya kurudishiwa fundi kwa sababu mkono umepwaya. Lakini nyuma ya ombi hilo, ambalo lilikuwa na utoto ndani yake, liko swali lisilo la kitoto. Je, msimulizi akiivunja hadithi yake mwenyewe, amepungukiwa na ustadi tu, au amemkosea mtu?

Watu wa pwani walilijibu swali hili nusu kabla halijaulizwa. Msimulizi wetu wa jioni haanzi mpaka amepata ruhusa. Husema "Paukwa!" akasubiri "Pakawa!", na katika namna nyingine ya kufungua, wasikilizaji huiita hadithi ije, na pamoja nayo huuita uwongo uje, utamu upate kukolea. Tazama jinsi mapatano haya yalivyo ya ajabu. Hakuna mnunuzi aendaye sokoni akaomba kupunjwa, ila msikilizaji wa hadithi huomba kudanganywa kwa kinywa chake mwenyewe. Basi asemaye kwamba hadithi ya majoka haiwezi kulaumiwa kwa uwongo, kwa kuwa yote ni uwongo tangu mwanzo, amesema nusu ya kweli. Nusu iliyobaki ni kuuliza ni uwongo gani ulioalikwa. Mgeni aliyekaribishwa barazani hajapewa ruhusa ya kufungua kila chumba.

Nadhani tuliualika uwongo wa vitu. Katika msimu wa saba, mwaka 2017, watu wachache wamezingirwa na wafu juu ya barafu, kaskazini ya mbali. Mmoja wao anakimbia mpaka ngomeni, kunguru anatumwa na barua mpaka kisiwa cha malkia kusini, malkia anapanda joka lake, naye anafika kuwaokoa. Na yote haya yanaonekana kutendeka katika usiku mmoja au zaidi kidogo. Mwongozaji wa sehemu hiyo, Alan Taylor, alikubali baadaye kwamba hesabu ya muda iliachwa katika ukungu. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyewahi kulisubiri kontena lake kutoka Guangzhou, akihesabu majuma na kulipia kila siku ya kuchelewa, hawezi kuyatazama mambo hayo asicheke. Lakini akicheka amekwisha samehe. Aliyekubali joka ataonaje vigumu kukubali kunguru mwepesi? Tundu la namna hii ni kama tundu la kanga mpya: linaonekana, linasemwa, na nguo inavaliwa.

Katika msimu wa nane lilitokea tundu la pili, nalo kwa sura lilifanana na la kwanza. Malkia yule, Daenerys, anaruka juu ya bahari na majoka yake mawili, mara merikebu za adui zinatokea na kumuulia mmoja. Watazamaji waliuliza aliyeko juu angani akosaje kuona merikebu zilizo chini yake mchana kweupe. David Benioff, mmoja wa watungaji wawili, alieleza kwamba malkia alikuwa kama amezisahau merikebu hizo. Maelezo haya yaliudhi watu kuliko tundu lenyewe, na kwa haki, kwa maana katika baraza lake mwenyewe habari za merikebu hizo zilikuwa zimetajwa. Angalau kunguru mwepesi ni uwongo juu ya kunguru. Kusema kwamba amiri wa vita, aliyevuka bahari na kuteka miji, amesahau jeshi la adui, ni uwongo juu ya mtu, nao umesemwa ili kufunika uvivu wa mwingine. Hapo ndipo mlango wa chumba kisichoruhusiwa ulipofunguliwa.

Shaaban Robert aliujua mpaka huu. Katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, ndugu wawili wanageuzwa manyani na jini. Sijapata kumsikia msomaji anayeuliza mkia huotaje katika mgongo wa mtu. Lakini kama Hasidi na Mwivu wangemtupa ndugu yao baharini bila wivu, kwa kuwa tu ukurasa ulihitaji mtu baharini, nadhani hata mtoto wa darasa la nne angekifunga kitabu. Mwili unaweza kugeuzwa kwa neno moja la jini. Moyo haugeuzwi hivyo hata katika nchi za majini.

Nichukue mfano mmoja wa moyo katika tamthilia hii, maana ndio ulioniudhi zaidi, ingawa wengi walilalamikia mwingine. Jaime Lannister anaonekana katika sehemu ya kwanza kabisa akimsukuma mtoto kutoka dirishani, na mtazamaji anamwandika katika daftari la waovu. Anajulikana nchi nzima kwa jina la aibu, kwa sababu alimuua mfalme aliyeapa kumlinda. Katika msimu wa tatu, mwaka 2013, akiwa amekatwa mkono wa kuume, anamfunulia mwanamke askari, Brienne, siri ambayo hakumwambia mtu: mfalme yule alikuwa ameamuru mji mzima uteketezwe na watu wake ndani, naye Jaime alikivunja kiapo ili watu wale wapone. Kwa ungamo hilo mtazamaji analazimika kufuta alichoandika. Anajifunza, kwa uchungu fulani, kwamba alimhukumu mtu kwa kitendo asichojua sababu yake. Sijui somo lililo kubwa kuliko hilo katika hadithi hiyo yote.

Kisha, mwaka 2019, sehemu moja kabla ya mwisho, Jaime yule yule, mbele ya mji ule ule, anamwambia nduguye kwamba kusema kweli hakupata kuwajali sana watu wale, wenye hatia wala wasio na hatia. Anarudi kwa dada yake na mpenzi wake, akafe naye. Kurudi kwake naweza kukutetea: mapenzi mabaya huwavuta watu wazima kila siku, na aliyezoea shimo hulirudia. Neno lake ndilo siwezi kulitetea. Halisemi kwamba amebadilika. Linasema kwamba lile ungamo halikuwa na maana. Wala watungaji hawakulisema kwa makusudi ya kutuonyesha kwamba alikuwa mwongo siku ile, kwani jambo hilo nalo lingehitaji kusimuliwa. Walilisahau tu. Aliyefuta hukumu yake kwa ajili ya mtu huyu akaambiwa kwamba alijisumbua bure.

Juu ya Daenerys mwenyewe sisimami pamoja na wenye hasira. Husemwa kwamba mkombozi wa watumwa aligeuka muuaji wa mji mzima ghafula, kengele za kusalimu amri zikilia. Si ghafula kama isemwavyo. Mwanamke huyu aliwasulubisha mabwana 163 wa mji wa Meereen, na katika mwaka 2017 aliwachoma moto baba na mwana waliokataa kumpigia magoti. Tuliyaona hayo tukashangilia, kwa kuwa waliouawa hawakutupendeza. Aibu ya hilo ni yetu. Lakini ni yeye pia aliyewafungia majoka wawili gizani, huku akilia, baada ya baba mmoja kumletea mifupa ya bintiye mdogo iliyoungua. Kutoka machozi yale mpaka moto ule juu ya watoto wa mji ipo njia, nami naamini inapitika. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kila mmoja. Wa saba ulikuwa na saba, wa mwisho sita. Safari ndefu kuliko zote ikapewa siku chache kuliko zote.

Hapa kuna pingamizi linalostahili kujibiwa taratibu. Atasema mtu: katika maisha watu hubadilika bila taarifa, mbona hadithi ikatazwe? Ni kweli. Kila mtaa wa Kariakoo una kisa chake cha mwenye duka aliyekuwa mwaminifu miaka ishirini, kisha asubuhi moja akatoweka na fedha za upatu za wenziwe wote. Walakini angalia wafanyalo majirani. Hawasemi "amebadilika" wakaendelea na biashara. Hukaa barazani wakarudi nyuma siku moja baada ya nyingine: alianza lini kufunga duka mapema, ni nani yule aliyekuwa akija jioni, kwa nini alikataa chai siku ya Ijumaa. Huenda wasiipate sababu. Hata hivyo ipo, mahali fulani, katika deni au ugonjwa au mwanamke, na siku moja yamkini itajulikana. Hadithi haina mahali fulani. Nje ya yale yaliyosimuliwa hakuna duka, hakuna jioni, hakuna deni. Sababu isiyowekwa na msimulizi haikufichika, bali haimo, na msikilizaji anayerudi nyuma kuitafuta anachimba mahali pasipo udongo. Ndiyo maana nasema kwamba msimulizi ana wajibu ambao hata maisha hayana kwetu.

Fumo Liyongo ni ushahidi wa karibu. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa haumizwi na silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni. Nani aliyeuliza kwa nini shaba? Lakini mwana anapomgeukia baba, hakuachwa bila sababu: ameahidiwa cheo na binti wa mfalme wa Pate. Na baba anapoulizwa siri ya kifo chake anatambua kwamba mwanawe ametumwa, naye anamwambia. Watu wamebishana juu ya jibu hilo kwa vizazi. Wanaweza kubishana kwa sababu Liyongo, hata anapotenda jambo lisilofahamika, ni yule yule mwenye fahari tuliyemjua tangu mwanzo. Msaliti mwenyewe hakuyaonja malipo yake.

Sasa nirudi kwa zile nakala zisizolipiwa. Mtu aliyeipata hadithi kwa flashi iliyojazwa kichochoroni ana haki gani ya kulalamika? Haki ya mnunuzi hana, na mwenye mali akimdai atashinda. Lakini deni ninalolisema halikutokana na fedha. Bibi aliyesimulia jioni hakulipwa senti, na bado alilaumiwa akichanganya. Kinachotolewa na msikilizaji ni saa zake na, zaidi ya saa, hukumu yake: anakubali kumpenda huyu na kumchukia yule kwa neno la msimulizi. Huko Marekani mamia ya wasichana wachanga waliitwa Khaleesi, cheo cha Daenerys, kabla watu hawajajua atakavyoishia. Wazazi hao hawakununua kitu, waliamini mtu.

Dar es Salaam ilikuwa na watu waliolielewa hitaji hili kuliko watungaji wa ng'ambo. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alisimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili juu ya picha zenyewe, naye, kama wenziwe wa kazi hiyo, hakutafsiri maneno tu. Palipokuwa kimya alieleza, na tendo lisilo na sababu likapata sababu kinywani mwa msimulizi. Wasomi wa tafsiri wanaweza kunung'unika. Lakini watu waliokaa juu ya mabenchi ya vibanda vya video walimsikiliza kwa kuwa hawakutaka kuona tu kwamba mtu ameua. Walitaka kuambiwa kilichompeleka huko. Sijui kama hata yeye angeweza kulifumua neno lile la Jaime.

Tamthilia ilitoka katika vitabu vya George R. R. Martin, ambavyo cha kwanza kilitoka 1996 na cha tano 2011. Watungaji wa televisheni walivipita mbio, ingawa Martin aliwadokeza mambo makubwa ya mwisho. Mpaka mwaka 2024 kitabu cha sita kilikuwa hakijatoka. Kikitoka, na kile kitakachokifuata, na malkia akauchoma mji humo pia baada ya kurasa elfu za kumfikisha hapo hatua kwa hatua, wale watu milioni moja na zaidi watajua kama walichokataa kilikuwa mwisho au njia. Kwa upande wangu, nitafungua kwanza ukurasa ambao Jaime anautazama mji tena, nione kama anakumbuka aliyoyasema kwa Brienne.