Jicho Lililofunzwa Latumikia Nini?

Baada ya darsa yetu ya Ijumaa tulijiwa na mzee mmoja, miongoni mwa wanaohudhuria kwa kudumu, akatuuliza suala ambalo tumeona halifai kujibiwa kwa neno moja. Alisema: "Mwanangu ana miaka 17. Kila usiku huketi mbele ya kioo akicheza mchezo wa video wa kupigana, mpaka alfajiri ikaribie. Nikimkataza huniambia kuwa hayo si upuuzi bali ni mazoezi. Alifunza jicho lake na akili yake apate kushindana, kama mcheza mpira afunzavyo mguu wake. Juzi mama yake alishikwa na homa usiku, akamwita mara tatu kutoka chumba cha pili, naye asisikie. Basi tuambieni, Sheikh, kuwa ni haramu, nikavunje chombo chake, yaishe."

Baadhi ya waliokuwapo walicheka, wakasema kijana ametafuta jina zuri la uvivu. Wengine walitaka itolewe hukumu pale pale. Sisi twaona makundi yote mawili yalifanya haraka, kwani maulamaa wa usuli wametufunza kuwa hukumu juu ya jambo hufuata kulifahamu jambo lenyewe. Basi na tulifahamu kwanza.

Je, ni kweli kuwa jicho hufunzika kwa michezo hii? Naam, ni kweli kwa kiasi chake. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, Shawn Green na Daphne Bavelier, walitangaza utafiti wao katika jarida la Nature. Waliwachukua watu wasiozoea michezo hiyo, wakawagawa mafungu mawili. Fungu moja lilicheza mchezo wa vita kwa saa moja kila siku, siku 10; fungu la pili lilicheza Tetris, mchezo wa kupanga vipande vinavyoanguka, kwa muda uo huo. Mwisho wake waliocheza mchezo wa vita walionekana kuwazidi wenzao katika kuzingatia vitu vingi kwa pamoja na kutambua kilicho pembeni mwa upeo wa macho. Mwaka 2009 Bavelier na wenzake walionyesha tena kuwa mazoezi marefu zaidi, yapata saa 50, humsaidia mtu kupambanua rangi za kijivu zinazokaribiana sana. Lakini wako wataalamu wengine waliobisha juu ya ukubwa wa faida hiyo, na juu ya umbali ifikao nje ya mchezo. Jicho likizidi wepesi haifuati kuwa mwenye jicho amezidi busara, wala kuwa atahifadhi masomo yake vizuri zaidi.

Haya hayatupasi kutushangaza sisi Waislamu. Yapata miaka elfu moja sasa tangu Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Misri, alipoeleza katika Kitab al-Manazir kuwa kuona si kazi ya jicho pekee. Nuru hutoka kwenye vitu ikaingia jichoni, kisha akili ikalinganisha, ikapambanua na kuhukumu, mara nyingi kwa upesi hata mtu asijue kuwa amehukumu. Na ikiwa katika kuona mna hukumu, basi kuona ni jambo la kufunzwa. Wazee wetu wa pwani walilijua hilo bila ya kulisoma kitabuni: nahodha wa jahazi aliutambua mwamba ulio chini kwa rangi ya maji, mahali ambapo abiria aliona bahari tupu.

Wala kijana huyu hakusema uwongo aliposema kuwa ni kazi ngumu. Mwaka 2019 Mwislamu wa Lahore, Pakistani, Arslan Siddique, ajulikanaye kwa jina la Arslan Ash, alishinda mashindano ya EVO nchini Japani katika mchezo wa Tekken 7. Kisha mwaka uo huo akashinda yale ya Las Vegas, akimshinda katika fainali Mkorea aliyehesabiwa miongoni mwa mabingwa wakubwa. Katika mchezo huo picha hubadilika mara 60 kwa sekunde moja, na mchezaji hana budi kuuona mkono wa adui unapoanza kuinuka na kuujibu ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hayapatikani hayo kwa uvivu.

Lakini yuko na Jian Zihao wa Uchina, aitwaye Uzi, aliyesifika kwa wepesi wa mikono katika mchezo wa League of Legends. Mwaka 2020, akiwa na miaka 23 tu, alitangaza kustaafu kwa ajili ya afya yake, akitaja kisukari cha aina ya pili. Ijapokuwa baadaye alirejea kwa muda. Mtume wetu s.a.w. alimfahamisha swahaba aliyezidisha hata ibada kuwa mwili na macho yake yana haki juu yake. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa mpaka huo, mchezo utakuwaje bila ya mpaka?

Ama upande wa fiqhi, maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wametofautisha michezo. Ule utegemeao fikira na hesabu, kama sataranji, hawakuuharamisha kwa dhati yake, bali waliukirihi. Na ule utegemeao bahati ya dado, kama nardi, waliuharamisha. Michezo ya kijana huyu yakaribia zaidi fungu la kwanza. Lakini ikiingia kamari, au ikipoteza Sala, hapana khitilafu. Na kamari imekwisha kuingia mitaani mwetu. Katika vibanda vya PlayStation watoto hucheza kwa sharti kuwa aliyeshindwa ndiye atakayelipa fedha za wote wawili. Hawaiiti kamari, lakini kila mmoja ameingia akiwa ama wa kupata ama wa kupoteza, na hiyo ndiyo maana yake. Iko na michezo iuzayo masanduku ya bahati, mnunuzi asijue atakachokipata. Mwaka 2018 wakuu wa Ubelgiji waliyahesabu baadhi ya masanduku hayo kuwa ni kamari iliyovunja sheria yao. Haifai Wazungu wakatutangulia kuiona.

Yamebaki mazito zaidi, nayo ndiyo tuliyotaka kumwambia mzee yule. Wataalamu wasemapo kuwa mchezo hufunza uzingativu, maana yake ni kufunza kuchagua. Mtu hawezi kuzingatia kimoja ila kwa kukiacha kingine. Jicho lijifunzalo kuona, lajifunza papo hapo kutoona. Na sikio vivyo hivyo. Nahodha alijifunza kuacha uzuri wa machweo ili auone mwamba, kwa kuwa roho za watu zilikuwa mkononi mwake. Kijana wetu amejifunza kuuona mkono wa adui asiyekuwapo, na katika mafunzo hayo ameiacha sauti ya mama yake. Hatusemi kuwa amemchukia mama yake, hasha. Twasema hakumsikia, na kutosikia huko kumefanyizwa usiku baada ya usiku kwa mazoezi, kama kulivyofanyizwa kuona kwake. Qurani imetufahamisha kuwa sikio, jicho na moyo, vyote vitaulizwa. Basi suala la mtu mwenye akili si "Jicho langu limekuwa kali kiasi gani?" bali ni "Limekuwa kali juu ya nini, na limekuwa kiwi juu ya nani?"

Na suala hili, ndugu zetu, halimhusu kijana peke yake. Sisi wazee nasi tumefunzwa kutoona. Twaliona kosa la mtoto mara moja, lakini hatuuoni ubora wake mwaka mzima. Katika baadhi ya vyuo vyetu mtoto hupigwa kwa kukosea kusoma ubaoni, wala asitokee mtu wa kumpima macho akajua kuwa haoni. Imamu Ghazali aliusia kuwa mtoto aachiwe mchezo mzuri baada ya masomo, kwani kumzuilia kabisa huua moyo wake. Ni misikiti yetu mingapi iliyowatengea vijana kiwanja? Tumewanyima uwanja, kisha twawalaumu kwa kuingia kiooni.

Kwa hivyo hatukumwambia mzee avunje chombo. Tulimwambia akaketi na mwanawe ubavuni, amtazame akicheza, amshuhudie ustadi wake kwa haki. Kisha amwambie habari ya ile homa, kwa upole, kwani yamkini hata hajui kuwa aliitwa. Kisha wapatane: kusiwe na dau, adhana ikisikika, mkono uondoke, kulala kusicheleweshwe, kila dakika 20 macho yaondolewe kiooni yatazame mbali, yapata mita 6, kwa sekunde 20, kama washaurivyo madaktari wa macho, na sikio moja libaki wazi kwa watu wa nyumbani. Akishindwa kujizuia, mchezo ukitangulia kila jambo, na akaendelea ijapokuwa aona madhara yake, basi ajue kuwa Shirika la Afya Duniani limelihesabu hilo kuwa maradhi, katika orodha yake iliyoanza kutumika mwaka 2022. Na mgonjwa hupelekwa kwa tabibu, hapigwi.

Mzee aliondoka kimya. Hatujui kama tulimridhisha, kwa kuwa alikuja kutaka neno moja, nasi tukampa kazi. Lakini malezi ni kazi, wala fatwa haimwondolei mzazi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho yaonayo yapasayo kuonwa, na masikio yasikiayo tuitwapo. Wabillahi tawfiq.