Kifaru wa Fito

Mwaka 1955 ilitolewa huko Marekani picha ya sinema iitwayo Rebel Without a Cause, yaani mwasi asiye na sababu, iliyoongozwa na Nicholas Ray. Mchezaji wake mkuu, James Dean, alikufa katika ajali ya gari tarehe 30 Septemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 24, kabla picha haijaonyeshwa kwa watu. Magari na mavazi yaliyomo yamekwisha kuwa ya kale, lakini picha yenyewe haijachakaa, na vijana wa leo huitazama wakajiona. Kwa nini?

Nadhani ni kwa sababu ya swali moja. Kijana Jim Stark ametukanwa kuwa mwoga. Anamwendea baba yake na kumwuliza mtu afanye nini anapotakiwa kuwa mwanamume. Baba huyo ana upendo mwingi na msimamo mdogo. Anamshauri mwanawe asifanye haraka, apime faida na hasara, aandike orodha. Jim hawezi kungoja. Anatoka usiku kulitafuta jibu kwa wenzake. Huko vijana wawili wanashindana kuendesha magari ya wizi kuelekea ukingo wa jabali juu ya bahari, na atakayeruka kwanza ndiye mwoga. Jim anaruka. Mwenzake, Buzz, ananaswa mkono wa koti mlangoni, akatumbukia pamoja na gari lake.

Swali la Jim si geni Ukambani. Wazee wa Kitui na Makueni walilijua zamani, nao walilitungia jibu. John Mbiti, mwanachuoni aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 habari za nzaiko nene, hatua ya pili ya kuwaingiza watoto wa Kikamba katika utu uzima. Hatua hiyo ilikuwa ya mafunzo ya siku kadhaa, yenye nyimbo na siri za watu wazima. Katika siku hizo watoto walikabiliwa na kifaru. Kifaru huyo aliundwa kwa fito na miti, na mtu aliyejificha ndani yake alinguruma kwa sauti ya kutisha.

Tuilinganishe mitihani hii miwili. Kifaru alikuwa wa uongo, ijapokuwa hofu ilikuwa ya kweli. Na ndani ya kitisho kile alikuwamo mtu aliyewatakia watoto wale uzima. Gari la Buzz lilikuwa la kweli, na jabali la kweli, na mauti ya kweli, wala mtu mzima hakuwapo hata mmoja. Jina la picha lasema kwamba vijana wale hawakuwa na sababu. Mimi naona sababu walikuwa nayo. Walichokosa ni mkubwa wa kuwasimamia.

Huenda mtu akasema kwamba twasifu ya kale kwa kuwa ni ya kale. La. Hatua ya kwanza, nzaiko nini, iliwakeketa wasichana, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeukataza ukeketaji kwa haki kabisa. Lakini avunjaye nyumba mbovu hana budi kujenga nyingine, ama sivyo watoto watalala nje. Kijana anayechochewa na wenzake auvuke mto Tiva uliofurika, na mwanafunzi anayemtesa mgeni bwenini akidai kwamba anamkomaza, wote wawili wamejitungia jando lisilo na mzee.

Sinema nayo ni kifaru wa fito. Twatetemeka mbele yake, kisha twatoka salama, tumeonja hatari bila kuangamia. Ndiyo maana picha njema ya ujana haizeeki. Hata hivyo kuna jambo isiloweza kulitenda: haikujui jina lako, wala haitakuuliza kesho umejifunza nini. Mwishoni mwa picha, baada ya kijana mwingine kupigwa risasi na kufa, baba yake Jim anaahidi kusimama pamoja na mwanawe. Ahadi hiyo ni njema, lakini vijana wawili wamekwisha kufa.

Basi, msomaji kijana, usilipeleke swali hili kwa wenzako peke yao. Mtafute mtu mzima unayemwamini, umwulize waziwazi. Kisha kumbuka kwamba kwa mtoto aliyefika jana bwenini, wewe ni mkubwa tayari. Unazo nguvu za kumwumiza, na hakuna akuonaye. Ukichagua kumlinda, swali la Jim utakuwa umelijibu.