Uwongo Wenye Nia Njema

Katika maswali yaliyowashughulisha wenye akili tangu zamani ni hili: Je, yafaa kumwongoza mtu kwenye jema kwa habari isiyo ya kweli? Wako wasemao yafaa, kwani kitazamwacho ni mwisho wa jambo, si njia yake. Na mfano wa swali hili umesimama mpaka leo katika nyika ya Bodmin, jimbo la Cornwall, kusini magharibi ya Uingereza.

Mwenye kutoka kijiji cha Minions kwa miguu hakawii kufika. Hupita katika majani mafupi yalishwayo kondoo na farasi, pasipo mti wa kumkinga na upepo, na kwa mbali huona magofu ya machimbo ya shaba ya karne ya 19 na dohani zake. Kisha humtokea mawe ya itale yaliyosimamishwa kwa duara. Nazo duara ni tatu, zimefuatana kwa safu. Upande wa magharibi yako mawe mawili peke yake.

Watu wa nchi ile huyaita Hurlers, yaani wacheza mpira. Hadithi yao yasema kwamba hao walikuwa wanaume walioacha ibada siku ya Jumapili wakacheza mpira, wakageuzwa mawe. Na yale mawili ni wapiga zumari. William Camden, mwanachuoni wa Kiingereza aliyekufa mwaka 1623, aliitaja hadithi hiyo katika kitabu chake Britannia, akaihesabu kuwa ni kosa, japokuwa ni kosa la wacha Mungu.

Ama kweli ni nyingine. Mawe yale yalisimamishwa zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, kabla haijajulikana huko Jumapili ya ibada. Wataalamu walipofukua katika miaka ya 1930 walibaini kwamba mawe yalisawazishwa kwa kugongwa. Na karibu na hapo, mwaka 1837, wafanya kazi waliotafuta mawe walikuta kaburi la kale lenye kikombe cha dhahabu, ambacho sasa kimo katika British Museum, London. Basi watu wa zama zile walikuwa mafundi.

Atasema msemaji: Uwongo huo una dhara gani, ikiwa umewarudisha watu kwenye ibada? Jawabu ni kwamba dhara zake ni tatu. Ya kwanza, umewadhulumu wafu, kwani waliotaabika kusimamisha mawe wamesahauliwa, na mahali pao wamewekwa waasi wasiopata kuwako. Ya pili, umemnasibishia Mungu adhabu pasipo ujuzi. Ya tatu, nayo ndiyo kubwa, umeijenga twaa juu ya msingi usiodumu.

Mzazi humkataza mwanawe kwenda pwani usiku kwa kumwambia liko zimwi, ilhali linaloogopwa ni maji kujaa. Mtoto hutii. Lakini siku atakapojua kwamba zimwi hakuna, atashuka pwani bila hofu, na maji yatamkuta hajui habari yake. Wala hatamwamini tena mzazi wake kwa jambo jingine, hata liwe la haki. Uwongo uliomlinda miaka kumi ndio utakaompoteza kwa usiku mmoja.

Yasimuliwa tena kwamba mawe yale hayakuwa yakihesabika, mpaka akaja mtu na mikate mingi, akaweka mmoja juu ya kila jiwe, akaijua idadi kwa mikate iliyobaki. Mtu huyo hakumtukana aliyeamini, wala hakumcheka, alihesabu tu. Na nyika haikupungukiwa na haiba yake kwa kuhesabiwa mawe yake.

Basi mwenye kutaka watu watende mema na awape sababu ya kweli, hata ikiwa ni nzito kuieleza. Jema haliombi msaada kwa uwongo, na likiuomba, siku uwongo uangukapo huanguka nao.