Kolwezi Iandikwe na Wana Kolwezi

Vijana wa Kolwezi, wa Nzilo, wa Fungurume, kalamu mnayo! Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003, na yeyote mwenye simu anaweza kuongeza habari au kusahihisha za mwenzake. Sharti mojawapo ni kutoegemea upande, na hilo ndilo linalowarudisha wengi nyuma. Mtu anauliza: nitaandikaje bila upande habari za shimo lililomfukia mdogo wangu?

Utaweza. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka kwenye mgodi wa KOV, katika eneo la Kamoto Copper Company, ukawafukia wachimbaji wa mkono. Glencore, kampuni mama, mwanzoni ilitaja vifo 19. Hesabu ya maofisa ikafika 43. Andika hesabu zote mbili, useme nani alitaja ipi na lini. Usiandike kwamba wezi walivamia, wala kwamba kampuni iliwaua. Andika kwamba kampuni ilisema waliingia bila ruhusa. Andika pia kwamba sehemu kubwa ya ardhi yenye shaba na kobalti imeshikwa na makampuni, na maeneo halali ya kuchimba kwa mkono ni machache. Habari iliyoandikwa hivyo hata mwanasheria wa kampuni hataweza kuifuta, na waliokufa watabaki wamehesabiwa.

Kazi ngumu zaidi ni ile ya mwaka 1992 na 1993. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga wakati gavana akiwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza. Wengi walizaliwa hapa hapa, baba zao wakifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, au reli. Familia zilirundikana kwenye vituo vya treni zikisubiri usafiri, na wengine walifia njiani. Jambo hili, wandugu, tusiliandike peke yetu. Aketi mezani mtu ambaye wazazi wake walifukuzwa, na aketi yule ambaye wazazi wake walilalamika kwamba kazi na vyeo vilikwenda kwa wageni. Bishaneni sentensi kwa sentensi. Ila msigawane lawama nusu kwa nusu ili mpate amani ya meza: kutoegemea upande hakujawahi kuwa hivyo. Watu walifukuzwa, basi andikeni walifukuzwa. Malalamiko ya Wakatanga yawekwe kama malalamiko, yasigeuzwe udhuru.

Na vita vya Mei 1978? Wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC waliotoka Angola waliuteka mji wa Kolwezi. Tarehe 19 askari wa Ufaransa wakashuka kwa miavuli. Kwa serikali ya Rais Mobutu, wapiganaji hao wa FNLC walikuwa maadui. Kwa baadhi ya wenyeji walikuwa watoto wa nyumbani wanaorudi. Aliyekuwa na miaka 20 wakati huo sasa anakaribia 70. Mrekodini mzee huyo leo, ushuhuda wake uchapishwe, kisha makala iutaje.

Tusipoandika sisi, wataandika waliotuona kwa wiki moja wakiwa na kamera. Wiki hii mtafute mwenzako mmoja usiyekubaliana naye kuhusu KOV au kuhusu 1993. Andikeni pamoja aya moja tu ambayo kila mmoja wenu anaweza kuitetea mbele ya watu wake, muiweke hadharani, kisha muanze ya pili.