Ukuta Kati ya Wavulana na Wasichana

Kila mwisho wa mwaka wazazi hutuuliza sisi walimu: Je, mtoto apelekwe shule ya wavulana peke yao, au ya wasichana peke yao, au shule wanamosoma pamoja? Nao wakiuliza hivyo, hawaulizi sana habari za hesabu wala jiografia. Wauliza habari za mwenendo. Wataka kujua ni wapi mtoto wao atakapojifunza kuishi kwa heshima na watu wa jinsia nyingine, maana hao ndio atakaofanya kazi nao, na yamkini mmoja wao atakaa naye nyumba moja mpaka kufa.

Wengi hujibu upesi ya kuwa wazee wetu waliwatenga vijana, basi na sisi tuwatenge. Jibu hili lina nusu ya kweli. Makabila mengi yaliwafunda wavulana jandoni na wasichana unyagoni, wala hapana aliyethubutu kuchungulia mambo ya upande wa pili. Lakini tuangalie vema ni kitu gani kilichotengwa. Yalitengwa mafunzo, tena kwa majuma au miezi michache, maisha hayakutengwa. Kijana alipotoka jandoni alirudi katika mji wenye dada zake, shangazi zake na binamu zake. Alikutana nao shambani, njia ya kisimani na ngomani, na alipokosa adabu palikuwapo mzee wa kumkemea palepale. Bweni la shule ni jambo jingine kabisa. Humtwaa mtoto wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne, likamweka miaka minne, pengine sita, asizungumze na msichana ila wakati wa likizo. Desturi hiyo ilitoka Ulaya pamoja na kengele na madawati. (Hatusemi kwamba ni mbaya kwa sababu hiyo, kengele nayo ina faida yake.)

Tena ukuta huo haukuwa sawa pande zote mbili. Kule Kikuyu, katika nchi ya Kenya, Alliance High School ya wavulana ilifunguliwa mwaka 1926. Ya wasichana ikafunguliwa mwaka 1948. Kwa miaka 22 mmoja alisoma na mwenziwe akangoja. Uganda wasichana wa Gayaza walianza mapema, mwaka 1905, kwa hiyo hatuzilaumu misheni zote pamoja.

Je, tuubomoe ukuta? Hapa twasitasita. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mchanganyiko ya St. Kizito, wilaya ya Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa, na 71 wakanajisiwa. Wavulana wale walikuwa wakisoma shule moja na wasichana wale siku zote. Asidhani mtu, basi, ya kuwa kukaa pamoja peke yake huleta heshima. Tena yako mambo madogo yasiyoandikwa magazetini. Katika shule nyingi za mchanganyiko msichana ndiye afagiaye darasa na kuteka maji, na mvulana ndiye aulizwaye maswali. Msichana akikosea jibu huchekwa, naye hunyamaza mpaka mwaka uishe. Akipata mimba ni yeye aliyefukuzwa; Tanzania Bara, mpaka Novemba 2021, hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali baada ya kujifungua, walakini aliyempa mimba, kama hakushtakiwa, aliendelea na kitabu chake.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2014 Erin Pahlke na wenzake wawili wa Marekani walikusanya chunguzi 184 kutoka nchi 21, zenye habari za wanafunzi wapatao milioni 1.6. Wakaona kwamba katika zile zilizofanywa kwa uangalifu, tofauti ya masomo ni ndogo mno. Uingereza wamewafuata watu waliozaliwa mwaka 1958 tangu utoto wao. Wanawake waliosoma shule za wasichana, walipofika miaka 42, walipata mshahara mkubwa kidogo kuliko wenzao. Lakini wanaume waliosoma shule za wavulana walizidi kidogo kuachana na wake zao. Na uchunguzi wa Hong Kong wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba vijana wa shule za jinsia moja huwa na wasiwasi zaidi mbele ya jinsia nyingine, hata wakifika chuo kikuu.

Kwa hiyo sisi twaona kwamba shule hizi mbili zisihukumiwe kwa hukumu moja. Shule ya wasichana ina sababu iliyo wazi: humpa msichana mahali pa kujibu, kukosea, kuwa kiranja, na kulala bila hofu. Shule ya wavulana yamlinda nani? Husemwa kwamba mvulana akiona wasichana husahau masomo. Lakini kama hawezi kusoma kwa sababu msichana amekaa karibu naye, atawezaje kufanya kazi hospitalini au benki? Kujizuia kwa mtu asiyepata kujaribiwa hakujulikani bado kama ni wema au ni ukosefu wa nafasi.

Mtu atatuambia: Ikiwa wasichana wabaki peke yao, wavulana mtawachanganya na nani? Neno hili ni zito, na hatuna jibu linalolimaliza. Hatutaki msichana atolewe mahali pa salama ili awe somo la adabu kwa kaka zake. Lakini mwalimu mkuu wa shule ya wavulana aweza kuanza na yaliyo mkononi mwake. Atafute walimu wanawake, tena wa hesabu na sayansi, si wa kupika tu. Wavulana wapike na kuteka maji wenyewe. Na mdahalo na shule jirani ya wasichana usiwe mara moja kwa mwaka, wavulana wameketi upande huu na wasichana upande ule kama watu wa kesi. Waketi wawili wawili, mvulana na msichana, meza moja na karatasi moja, watunge hoja zao pamoja, na mwalimu apite kati ya meza akisikiliza jinsi wanavyosemezana. Wageni wakiisha kwenda zao, wenyeji wafagie ukumbi.