🌙 *Darsa Fupi, Ramadhani 14: Jina la mwenzio mdomoni mwako*



Ndugu yangu mfungaji, leo nakuuliza: jina lako unalipenda?

Wako watakaojibu ndiyo haraka. Ramadhani aliyezaliwa mwezi huu, au Mwanaidi wa sikukuu, jina lake analivaa kama kanzu mpya. Lakini kwetu wamo pia akina Tabu, Shida na Mashaka. Mama kajifungua kwa taabu, au baba siku hizo hana kitu, basi hali yao ikawa jina la mtoto. Kwao shida ile imepita. Mtoto bado anaibeba, kila akiitwa.

Je, mtu huyo akitaka kubadili jina, kawakosea wazazi wake?

Katika Sahihi Bukhari imepokewa kuwa Mtume ﷺ alimuuliza mtu jina lake, akajibu Hazn, yaani ardhi ngumu. Mtume akampa jina la Sahl, wepesi. Yule bwana akakataa: jina kapewa na baba, halibadilishi. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyib, alikuja kusema kuwa ugumu ule ulibaki kwenye ukoo wao. Na katika Sahihi Muslim, binti wa Umar (R.A.) aliitwa jina lenye maana ya muasi (si lile la Asia mke wa Firauni, herufi zake ni nyingine). Mtume akamwita Jamila.

Basi kumheshimu mzazi si lazima ubebe jina linalokuumiza. Wala ubini haupotei: Tabu binti Juma akiwa Jamila, bado ni binti Juma. Al-Ahzab aya ya 5 inatuamrisha watu waitwe kwa baba zao, na hapo hapaguswi.

Lakini si kila mwenye jina zito anataka kulivua. Nilisoma na msichana aitwaye Shida. Kila akiingia darasani tunasema, "Haya jamani, shida zimeingia!" Darasa zima kicheko, na mimi nikiwa wa mbele. Siku moja akatuambia taratibu: mama yake alizika watoto watatu kabla yake, yeye ndiye aliyebaki. Jina lake alilipenda. Kilichomuumiza ni midomo yetu.

Sikumwomba radhi mpaka leo.

Al-Hujurat aya ya 11 imekataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Tumbo limefunga tangu alfajiri, je, ulimi? Yule unayemwita Kibonge, Chongo au Mfupi, ulishamuuliza kama anapenda, au unaona tu anacheka na wewe?

*Kazi ya leo:* kabla ya futari, mtafute mmoja, mwite kwa jina analolipenda mwenyewe. Kama ulimkosea, mwombe radhi. Mimi naitafuta namba ya Shida.

Allah atutakabalie funga zetu na atusitiri na maovu ya ndimi zetu. Aamin.

Mtumie na mwenzio.