Si Mwili Uliozoea Dawa

Ndugu zangu wa Tarime, wa Sirari na Nyamongo, nanyi wa Mugumu mpaka Nata, acheni kusema "mwili wangu umeshazoea dawa"! Mwili wa mtu hauzoei antibiotiki. Waliozoea ni bakteria, na bakteria hawana mwenyewe: wakitoka kwako wanaingia kwa mwanao, kwa jirani, kwa mzazi aliyejifungua jana.

Sikilizeni. Bakteria wengi wana ukuta; seli zetu hazina. Antibiotiki ya amoksilini huzuia ukuta huo usijengwe, bakteria akapasuka, nasi tukabaki salama. Lakini kati ya mamilioni ya bakteria wamo wachache waliozaliwa tofauti: huyu ana kimeng'enya cha kuikata dawa, yule anaisukuma nje kabla haijamdhuru. Ukimeza vidonge viwili vya antibiotiki, vile vya rangi mbili, kwa ajili ya mafua, ambayo huletwa na virusi visivyodhurika kwa antibiotiki, unaua wanyonge na kuwaachia sugu shamba lote. Baadhi yao huongezeka maradufu kila dakika 20! Tena hupeana vinasaba vya usugu, hata kwa bakteria wa aina nyingine.

Tulionywa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alisema wazi alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba dozi pungufu itawafanya bakteria wawe sugu. Na machozi tumekwisha kuyaona hapa Tanzania: Hospitali ya Muhimbili, mwaka 2001 na 2002, watoto waliokutwa na bakteria wa kundi la gramu hasi kwenye damu walifariki karibu 44 katika kila 100, ilhali wenye malaria walikuwa 20. Wengine walikuwa wanapewa dawa, lakini dawa ambayo bakteria wao walikwisha kuishinda. Watoto wetu hao!

Nawe mfugaji, mzee wangu, nakusihi. Chupa ya OTC, yaani antibiotiki ya oksitetrasaiklini, uliyonunua mnadani unamdungia kila ng'ombe aliyeinamisha kichwa. Ndigana kali haitokani na bakteria. Inaletwa na kimelea kingine kinachobebwa na kupe, na OTC si tiba yake. Ng'ombe anakufa, bakteria tumboni mwake wamejifunza. Akipona, jioni unamkamua, nawe hukusoma siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa. Mtoto anakunywa maziwa yenye dawa ambayo hakuna aliyemwandikia.

Mama wa duka la dawa, akija mtu na mia tano akitaka vidonge vinne vya antibiotiki, usimkatie! Mwulize cheti, mpeleke zahanati akapimwe.

Nanyi wazee wa iritongo, baraza letu la jadi, mnapoketi kuamua mambo ya mifugo na mipaka, liwekeni na hili mezani: ng'ombe asidungwe kabla afisa mifugo hajamwona, dozi ya mtoto mmoja isigawiwe watatu, na unga wa kapsuli usimwagwe tena juu ya kidonda.